Moshi Huenda Wapi? Habari za Hewa Iliyo Juu ya Ziwa Viktoria



Mtu asimamaye Buhongwa, kusini ya mji wa Mwanza kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga, asubuhi ya kiangazi kabla jua halijapata nguvu, huona jambo ambalo wengi huliona kila siku wasiliulize. Moshi wa jikoni na wa taka zichomwazo haupandi moja kwa moja. Hupanda kidogo, kisha hujilaza kama shuka juu ya mabonde. Jua likizidi kuwaka, ile shuka hukunjuka, na ifikapo saa nne moshi hauonekani tena. Watu husema, “Umepotea.” Leo twataka kulichunguza neno hilo moja. Je, moshi hupotea? Na kama haupotei, huenda wapi?

Swali hili lawahusu watu wa Buhongwa kuliko wengi, maana kwa miaka mingi taka za mji wa Mwanza zimepelekwa huko, kwenye dampo la mji. Na dampo lolote la wazi lina tabia ya kuwaka. Maganda na mabaki ya chakula yakifukiwa pasipo hewa huoza na kutoa gesi iitwayo metheni, ambayo hushika moto upesi. Moto ukiisha kuingia ndani ya lundo, waweza kufuka siku nyingi bila mtu kuuona mwali wake. Plastiki, mpira na nguo kuukuu zikiungua katika moto hafifu wa namna hiyo, hutoa moshi wenye sumu kuliko moshi wa kuni. Lakini nia yetu si kuwalaumu watu wa mahali pamoja, kwa kuwa kila nyumba yenye mafiga hupeleka kitu hewani. Nia yetu ni kueleza jinsi wanadamu walivyoijua hewa hii kidogo kidogo, na jinsi ziwa letu lenyewe lilivyokuwa mahali pa kujifunzia.

Zamani watu wengi walidhani hewa haina uzito. Mwaka 1643, huko Italia, Torricelli alionyesha kwa bomba la zebaki kwamba hewa yatulemea kila saa, ijapokuwa hatuusikii mzigo wake. Miaka mitano baadaye Mfaransa Pascal alimtuma shemeji yake kupanda mlima na bomba la namna hiyo, na zebaki ikashuka kadiri alivyopanda. Basi ikajulikana kwamba hewa ni kama bahari, na sisi twaishi chini kabisa, sakafuni mwake. Apandaye mlima huacha sehemu ya bahari hiyo chini ya miguu yake.

Elimu hiyo ililetwa kwenye ukingo wa ziwa letu mwaka 1858. Tarehe 3 Agosti mwaka huo, Mwingereza John Hanning Speke, akitoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, mtu wa kabila la Wayao, alifika kwenye ziwa upande wa Mwanza. Wasukuma na Wakerewe walikuwa wakivua samaki humo tangu zamani, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba yeye alilivumbua. Twasema alilipima. Alichemsha maji, akatazama kipimajoto. Pwani ya bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Kando ya ziwa letu huchemka kwa nyuzi 96 hivi, kwa sababu hewa ituelemeayo ni pungufu. Kwa hesabu hiyo Speke alikadiria kwamba ziwa liko juu ya bahari kwa futi 3,700 na zaidi. Leo twajua ni kadiri ya mita 1,134, yaani futi 3,720. Tazameni jinsi sufuria ya maji ya moto ilivyoweza kusema kweli!

Basi mkazi wa Mwanza, akiwa amekaa nyumbani kwake, amekwisha kuacha chini yake sehemu ya nane hivi ya hewa yote ya dunia. Na mtu afikaye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ameacha nusu yake na zaidi. Ndiyo kusema kwamba guo hili la hewa ambalo twaliona halina mwisho, kwa kweli ni jembamba. Ndani yake, katika kila sehemu 100 za hewa kavu, 78 ni naitrojeni, na 21 ni oksijeni tuivutayo ili tuishi. Sehemu iliyobaki ni moja tu, nayo ndiyo yenye gesi nyingine zote. Kitu kidogo kikiongezwa katika sehemu hiyo moja, chaweza kuleta mabadiliko makubwa, kama chumvi katika mchuzi.

Sasa watu walikuwa wameujua uzito wa hewa, lakini hawakujua mwendo wake huko juu. Hapo ndipo mlima wa moto ulipowafundisha. Tarehe 27 Agosti 1883 Krakatau, kisiwa cha Indonesia, kilipasuka kwa kishindo kikuu. Vumbi lake lilirushwa juu sana kuliko mawingu ya mvua. Katika nchi za Ikweta watu waliona jua likigeuka rangi, likawa la buluu au la kijani. Wataalamu walipozipanga tarehe za habari hizo, walitambua kwamba vumbi lilikwenda kutoka mashariki hata magharibi, likaizunguka dunia yote kwa muda wa majuma mawili hivi. Miezi michache baadaye machweo mekundu yasiyo ya kawaida yalionekana hata Ulaya na Marekani. Moshi wa mahali pamoja ulikuwa umekuwa moshi wa dunia nzima.

Wakataka kupanda wenyewe wakaone. Tarehe 31 Julai 1901 Arthur Berson na mwenzake Reinhard Süring walipaa kwa baluni kutoka Berlin hata wakafika kadiri ya mita 10,800. Wote wawili walizimia kwa kukosa oksijeni, wakaokoka kwa bahati. Baada ya hapo kazi ya kwenda juu sana iliachiwa baluni ndogo zisizo na mtu, zilizochukua vyombo vinavyoandika vyenyewe joto na uzito wa hewa. Mwaka 1902 Léon Teisserenc de Bort wa Ufaransa na Richard Assmann wa Ujerumani, kila mmoja kwa kazi yake, walitangaza jambo la kustaajabisha. Kila mtu alijua kwamba ukipanda juu baridi huzidi. Lakini wao waliona kwamba juu ya Ulaya, baada ya kilomita 11 hivi, baridi huacha kuongezeka. Juu ya hewa yetu yenye mawingu na mvua, iitwayo troposfia, kulikuwa na tabaka jingine tulivu, likapewa jina la stratosfia.

Swali likabaki: je, juu ya nchi za Ikweta nako ni vivyo hivyo? Jibu lilitafutwa hapa kwetu. Mwaka 1908 yule Berson, pamoja na Hermann Elias, alitumwa na kituo cha kupimia hewa cha Lindenberg, karibu na Berlin, aje Afrika ya Mashariki. Walirusha baluni zao juu ya Ziwa Viktoria, nyingine zikafika karibu na kilomita 20. Huko juu ya vichwa vya wavuvi wetu waliokuwa wakitoka jasho, vyombo viliandika baridi ya nyuzi 80 na zaidi chini ya sifuri. Wakafahamu kwamba stratosfia iko kwetu pia, ila huanzia juu zaidi, kilomita 16 hata 18. Na kwa kuwa mwanzo wake uko juu zaidi, baridi yake ni kali kuliko ile ya Ulaya.

Tena waliona jambo la pili. Huko juu sana upepo ulivuma kutoka magharibi, kinyume cha upepo uliolichukua vumbi la Krakatau. Nani alikosea? Kwa muda wa miaka 50 wataalamu hawakupatana. Mpaka miaka ya 1960 na 1961, Richard Reed huko Marekani na R. A. Ebdon huko Uingereza walipozitazama hesabu za miaka mingi, ndipo ilipoonekana kwamba wote walisema kweli. Upepo wa juu ya Ikweta hugeuka wenyewe, mashariki kisha magharibi, na mzunguko wake ni kadiri ya miezi 28.

Mtu ataweza kuuliza, “Yanatufaa nini mambo ya kilomita 20 juu, nasi twakohoa moshi wa hapa chini?” Yatufaa kwa sababu yatufundisha mambo mawili. La kwanza, hewa ina kifuniko. Moshi hupanda maadamu ni wenye joto kuliko hewa iuzungukayo. Ukifika mahali ambapo hewa ya juu si baridi tena kuliko ya chini, husimama. Ile shuka ya moshi ya asubuhi ni kifuniko cha namna hiyo, kidogo na cha muda, maana usiku ardhi hupoa na kuipoza hewa ya bondeni. Kifuniko kikubwa ni stratosfia. La pili, hewa ina njia zake, na kitu kikiisha kuingia njiani hatuwezi kukiita kirudi.

Tukiyashika hayo, twaweza kujibu swali letu. Moshi haupotei, hugawanyika mara tatu. Sehemu nzito, yaani majivu na masizi makubwa, huanguka karibu, juu ya mabati, mboga na visima vilivyo wazi. Sehemu nyepesi, yenye chembe ndogo kuliko sehemu ya ishirini ya unene wa unywele, hukaa hewani siku kadhaa hata majuma, husafiri mbali, mpaka mvua iioshe au ituame yenyewe. Chembe hizo ndizo zipitazo puani na kooni bila kuzuiliwa, zikafika ndani kabisa ya mapafu, hata nyingine zikaingia katika damu. Sehemu ya tatu ni gesi, nazo baadhi yake hudumu miaka mingi na kuenea duniani kote.

Ubaya wa sehemu ya pili ulionekana wazi London mwezi wa Desemba 1952. Hewa ya baridi ililala juu ya mji, na juu yake hewa ya joto, kama kifuniko juu ya chungu. Moshi wa makaa ya mawe wa majumba na viwanda ukanaswa chini kwa siku tano. Hesabu ya kwanza ilionyesha kwamba watu 4,000 walikufa kupita kawaida. Wataalamu wa baadaye walikadiria kuwa huenda walifika 12,000. Mwaka 1956 sheria ya hewa safi ilitungwa huko. Watu wa London walikuwa wameuona moshi wao kwa mamia ya miaka na kuuzoea. Mazoea hayo hayakuwakinga.

Sasa turudi kwenye ziwa letu, maana hasara yake haikomei katika vifua vya watu. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Mito mingi huingia humo, mkubwa wao ukiwa Kagera. Lakini mito yote ikijumlishwa huleta kadiri ya sehemu moja tu kati ya tano za maji yake. Zile nne nyingine hunyesha kutoka mawinguni moja kwa moja juu ya ziwa. Basi ziwa hili ni mtoto wa mvua. Kilichomo hewani, maji yake hukipata.

Mwaka 2005 mtaalamu wa Tanzania Rashid Tamatamah, pamoja na wenzake Hecky na Duthie, walichapisha matokeo ya kazi yao ya kupima fosforasi iangukayo kutoka hewani kando ya ziwa upande wa Tanzania. Walikuta kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi yote iingiayo ziwani hutoka hewani, na tena sehemu kubwa yake huanguka kavu, pasipo mvua. Hutoka katika vumbi la mashamba yaliyoachwa wazi, na katika moshi na majivu ya moto wa nyika, wa kuni na wa mabaki ya mazao. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi wa dagaa watokao usiku na taa zao waujua vema upepo huo. Moshi wetu wa jioni nao husafiri pamoja nao.

Fosforasi ni mbolea. Katika shamba twaitafuta kwa fedha, lakini majini hustawisha mwani mdogo wa kijani, ule ufanyao maji yawe kama mchuzi wa mlenda. Mwani huo ukifa huzama na kuoza, na kuoza kwake hula oksijeni ya majini, hata samaki wa vilindini wakakosa pumzi. Tangu miaka ya 1960 mwani wa Ziwa Viktoria umeongezeka mara kadhaa, na maji yamepungua kuwa maangavu. Gugu maji, lililoonekana katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980, nalo hunenepa kwa chakula hicho hicho. Moshi si sababu peke yake. Maji machafu ya miji na udongo uchukuliwao na mito vimo pia. Lakini sehemu itokayo hewani si ndogo, nayo ndiyo isiyoonekana na mtu. Mkulima achomaye mabua yake Misungwi au Magu, akidhani ameyamaliza, ameyatuma kwa mvuvi. Wazee walisema kweli: mchuma janga hula na wa kwao.

Hatari iliyo karibu zaidi iko jikoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu 3,200,000 duniani walikufa kwa maradhi yatokanayo na moshi wa ndani ya nyumba. Wengi waupatao moshi huo ni mama apikaye na mtoto aliye mgongoni mwake. Kichomi cha watoto wachanga na maradhi ya moyo ya watu wazima hutoka humo.

Na ile sehemu ya tatu, yaani gesi? Kaboni dayoksaidi ni mfano wake mkubwa. Kabla ya zama za viwanda zilikuwapo sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Mwaka 1958 Charles Keeling alipoanza kupima katika kisiwa cha Hawaii alikuta kadiri ya 315. Sasa zimepita 420. Gesi hii hulizuia joto la dunia lisitoke upesi, na kwa hiyo majira ya mvua na kiangazi yanavurugika. Hapa yatupasa kusema kwa haki: sehemu kubwa ya gesi hiyo ilitoka katika nchi zenye viwanda vikubwa, wala si katika mafiga ya Usukuma.

Lakini historia ya hewa si ya huzuni tupu. Ndani ya stratosfia, lile tabaka lililopimwa juu ya ziwa letu mwaka 1908, imo gesi iitwayo ozoni, ituzuiayo miali mikali ya jua. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za majokofu na za makopo ya kupulizia dawa hupanda hata huko na kuiharibu ozoni. Mwaka 1985 Waingereza watatu, Farman, Gardiner na Shanklin, walitangaza kwamba ozoni imepungua sana juu ya Antaktika. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1987, mapatano yalitiwa sahihi mjini Montreal, na sasa mataifa yote ya dunia yameyakubali. Gesi hizo ziliachwa, na ozoni inaendelea kupona taratibu. Basi kilichoharibiwa kwa mikono ya watu chaweza kuachwa kwa mikono hiyo hiyo.

Hapa Tanzania sheria ya kuhifadhi mazingira ilitungwa mwaka 2004, na kanuni za usafi wa hewa mwaka 2007. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, na kila mfuko usiokuwapo ni moshi usiokuwapo. Mwezi wa Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukikusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakiitumia. Gesi na umeme vina gharama, na si kila nyumba iwezayo kungoja mpaka bei zishuke. Kwa hiyo twasema mambo yawezekanayo leo. Kuni zikaushwe vizuri, maana kuni mbichi hufuka kuliko kuwaka. Jiko liwe na dirisha pande mbili, au mapishi yafanywe nje, na mtoto mchanga asikae motoni. Maganda ya ndizi na ya viazi yatengwe yawe mboji, yasichanganywe na taka za kupelekwa dampo, kwa sababu hayo ndiyo yazaayo metheni. Plastiki isichomwe uani kamwe. Mabua ya mahindi na mtama yaachwe yafunike udongo, ili vumbi lisipeperuke.

Nanyi wanafunzi, fanyeni jaribio hili wakati wa kiangazi. Twaeni sahani mbili nyeupe, mzitie maji safi ya kadiri moja. Moja iwekeni juu ya paa, mahali pasipofikiwa na kuku wala paka. Ya pili ifunikeni vema ndani ya nyumba. Ongezeni maji safi yakipungua. Baada ya siku saba zilinganisheni mbele ya mwalimu wenu, mwandike mlichokiona na upepo ulikotoka kila siku. Kisha fanyeni tena baada ya mvua za kwanza. Wataalamu waliopima ziwa walianza kwa kuweka vyombo wazi chini ya anga, wakangoja, wakapima kilichoanguka.